Tunasubiri Kutoka Juu

9 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mimi mzima, ukiondoa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Dada yako, yule binti yangu wa mwisho, amejifungua salama, mtoto wa kike, na ana sauti ya mpiga mnada. Babu yake akirudi watapimana mapafu. Mama yako anakusalimu na anauliza kama umeoa kimyakimya. Nimemjibu kwamba hujaoa, maana mwanamke gani atakubali kuhamia nyumba ambayo chumba cha pili analala mume wangu Kipenga, refa mstaafu?

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu nikikuuliza hali ya Baba yako Mdogo namsikia mwenyewe anakohoa pembeni, halafu wewe unanijibu kwa sauti ya mtangazaji, "Hajambo kabisa!" Vyumba viwili na ukuta mwembamba, utasema nini asikisikie? Basi tuandikiane. Barua zangu nitazipa basi la asubuhi, uzichukue kwenye ofisi yao. Ukishasoma zifiche mahali ambapo hawezi kuziona.

Huku mji umevimba kichwa. Kuanzia mwezi ujao, kama unavyojua kuliko mimi, mambo ya hospitali, masoko, maji na barabara ndogo yanatoka kwenu makao makuu yanakuja kwenye Bunge la Jimbo. Na mimi, baada ya kuzeekea kwenye ofisi ya mkoa nikipiga chapa "Naomba kuwasilisha", nimeteuliwa kuwa Katibu wa hilo Bunge. Usicheke. Tumepewa lile jumba la zamani la sinema. Viti ni vilevile vya kujikunja, na sakafu ni ileile iliyoinama, kiasi kwamba kalamu ikimponyoka mjumbe wa nyuma inabingirika mpaka miguuni pa Spika. Spika mwenyewe ni mwalimu mkuu wenu wa zamani, mliyemwita Mama Kengele. Amestaafu shule lakini kengele hakustaafu, amekuja nayo.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Ile mashine ya kusafisha damu bado imo ndani ya sanduku lake la mbao, kwenye korido ya hospitali yetu, mwaka wa pili huu. Wauguzi wanalia chakula cha mchana juu yake na wameitandikia kitambaa cha maua. Muuguzi aliyesomeshwa kuiendesha anaandika kadi za wagonjwa wa nje. Nikimuuliza daktari mkuu, ananijibu kwa upole, "Mama, tunasubiri kutoka juu." Juu ni huko kwenu, wizarani, kwa sababu kufungua kitengo kipya lazima kuwe na kibali chao. Kwa kukosa kibali hicho mume wangu analala kwenye kitanda chako cha wageni, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, ili asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Na mimi hakutaka niache kazi nimfuate. Alisema wawili hatutatosha kwako, na hilo ni kweli, lakini ukweli nao unaumiza.

Miaka yote nimelalamika anavyokoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Sasa vikombe vimetulia, na mimi sina raha. Niambie: anakula? Amepungua kilo ngapi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama yako mdogo

27 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu na hongera kwa ukatibu. Mwambie mama sijaoa, na kwamba nikioa nitamwalika.

Barua yako ilikaa ofisi ya basi siku kadhaa kwa sababu karani alikuwa anamtafuta mtu anayeitwa "Kichwa". Tafadhali, hilo jina liandike ndani, si juu ya bahasha.

Baba Mdogo hajambo. Hospitalini amekuwa mtu maarufu. Amejitengenezea kadi ya njano kwa boksi la dawa na nyekundu kwa kipande cha jalada alichokichuna kwenye mafaili yangu, na muuguzi akimchoma sindano vibaya anaoneshwa ya njano. Mmoja alipata mbili siku moja, akaambiwa atoke uwanjani, akatoka kweli! Akarudi na kikombe chake cha chai, akainywa mbele yake taratibu, maana Baba Mdogo mwenyewe maji anapimiwa. Baba Mdogo akasema marefa hawajawahi kutendewa haki.

Anakula. Kuhusu kilo, mzani wa hospitali una matatizo yake. Kukoroma, hapo mwanzo jirani wa juu alikuwa akitugongea sakafu kwa mpini wa ufagio. Siku hizi hagongi.

Kazini kwetu watu wanatembea taratibu kama kwenye msiba. Idara yetu ya Uratibu wa Mikoa kazi yake ni kupokea maombi ya mikoa na kuyapitisha. Sasa mikoa ikijipitishia yenyewe, sisi tutapitisha nini? Wakubwa wanasema hakuna atakayepoteza kazi. Wanalisema mara nyingi mno.

Nina ushauri. Bunge lenu likifunguliwa, lianze na hospitali. Mkishapitisha sheria, usiitume kienyeji ikapotea. Itie lakiri, itume kwa rejista moja kwa moja idarani kwetu, na mimi nitaifuatilia meza kwa meza mpaka isainiwe. Hilo niachie mimi.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu Kichwa (ndani, si juu),

Imepita! Kwanza salamu: sisi wazima, mtoto ameanza kucheka na watu asiowajua, goti limetulia. Mama yako amesikia neno "nikioa" na ameshaanza kuulizia ukumbi.

Sheria ya Hospitali za Jimbo imepita juzi jioni. Ungekuwepo! Mjumbe wa kwanza kusimama alikuwa yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akakohoa, akashika suruali, akasema, "Mheshimiwa Spika, tunaiomba sana serikali itukumbuke wananchi wa huku." Mama Kengele akagonga kengele yake: "Mheshimiwa, kwa mambo ya hospitali serikali ndiyo wewe. Kaa chini ujikumbuke." Watu wakacheka mpaka kalamu zikabingirika. Lakini hata baada ya hapo, kila aliyesimama alianza na "tunaiomba serikali", halafu anajishika mdomo.

Sheria yenyewe ni fupi na haina maneno ya kuvunja meno. Inasema hospitali ya jimbo inaweza kufungua vitengo vyake, kuajiri wataalamu wake na kuwapanga kazi inavyoona. Basi. Mikono ikanyooshwa yote, hata wa yule mjumbe mzee aliyekuwa amesinzia, alipoamshwa na makofi akanyoosha miwili.

Nimefuata ushauri wako. Nimepiga chapa mwenyewe, sikumwachia mtu. Mama Kengele akasaini barua ya kuambatanisha, mimi nikaitia lakiri, "Kwa hatua zenu", nikaipeleka posta kwa mkono wangu. Nilipotoka pale nilitembea kama bibi harusi.

Sasa fanya uliyoniahidi. Na lile nililokuuliza hujanijibu. "Mzani wa hospitali una matatizo yake." Mwanangu, mimi nimepiga chapa barua za serikali tangu hujazaliwa, najua sentensi inayokimbia.

Mama yako mdogo

10 Septemba

Wewe,

Salamu zenu. Wote wazima.

Sheria yetu iko wapi? Mwezi umekwisha na ushee. Nimekupigia simu unaniambia "inashughulikiwa". Inashughulikiwa na nani, na wanaishughulikia kwa kutumia nini, kijiko? Daktari mkuu anasubiri jibu. Mkuu wa Jimbo anasubiri jibu. Spika kila asubuhi ananiuliza kwa macho. Sanduku liko pale pale, wamebadilisha kitambaa tu. Mlitwambia mamlaka yamekuja kwetu, kumbe mmetupa kifuniko, chungu mmebaki nacho. Waambie hao wakubwa zako wanaokalia makaratasi ya watu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye tumbo hilo namjua mimi.

Kingine. Jirani yetu fundi cherehani alikuja huko kwa binti yake, akapita kwako kusalimu. Amerudi. Nimempa kiti, nimempa chai, nikamuuliza habari za mume wangu, akaangalia chini. Nikambana. Akasema alipofunguliwa mlango alidhani amefunguliwa na marehemu baba mkwe wangu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Niandikie ukweli, na uuandike wote, ama sivyo nitapanda basi nije niusome mwenyewe usoni pake.

Mama yako mdogo

21 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Habari ziko mbili, moja mbaya na moja sijui niiite nini, lakini naomba usome mpaka mwisho kabla hujakimbilia kituo cha basi.

Mbaya ni hii. Tangu mwezi wa nane Baba Mdogo alianza kukataa kwenda hospitali. Kwanza alikosa siku moja, akasema amechoka. Kisha mbili. Wiki ya juzi hakwenda kabisa, akavimba miguu na uso, na Jumatatu nikambeba mgongoni mpaka kwenye teksi. Alikuwa mwepesi, Mama Mdogo. Nilitaka awe mzito, hakuwa. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Sitaki tena kuwa mgeni. Nirudishe nikafie kwangu." Alinikataza kukwambia. Alisema ukijua utaacha kazi uje, na Bunge ndilo jambo la kwanza la furaha kukupata tangu augue. Nami nilikaa kimya kwa sababu niliogopa. Sina sababu nyingine nzuri ya kukupa.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda kazini nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, nikasema leo sheria hii itasainiwa hata kama nitamshika mtu mkono.

Nikaanza masjala. Wakasema iko kwa wanasheria. Wanasheria walikuwa wameandika, "Haituhusu. Waone Afya." Afya wakaandika, "Ilikuwa yetu. Ipelekwe Fedha kwa maoni." Fedha wakaandika, "Hatuna maoni ila tunaunga mkono." Nikashuka ngazi, nikapanda, mpaka mfagiaji akaniuliza nimepoteza nini. Mwisho nikaambiwa imerudi idarani kwetu, iko mezani kwa mkurugenzi. Hatua chache tu kutoka kiti changu!

Nikamkuta mkurugenzi anafungasha. Picha zimetolewa ukutani, ua lake la chunguni liko ndani ya katoni. Nikampa jalada, nikamwonesha pa kusaini. Akavaa miwani, akasoma sheria yenu neno kwa neno, akasema, "Nzuri. Fupi." Halafu akaniuliza, "Kijana, nisaini kama nani?"

Nikasema, "Kama mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nini? Toka mosi Julai sina hospitali hata moja mikoani. Hata hii ofisi ninayo mpaka Ijumaa. Nikisaini hapa nitakuwa nimesaini ukuta."

"Waziri je?"

"Naye hana. Zilishatoka kwake."

"Basi nani anasaini?"

Akavua miwani. "Kwani sheria ni ya nani?"

Mama Mdogo, nikalifungua jalada upya. Ukurasa wa kwanza wa lile jalada, kabla ya wote hao, kuna mwandiko wangu mimi: "Mkurugenzi, naomba uidhinishe." Nimefanya kazi miezi yote kwenye idara inayofungwa kwa sababu ya sheria mpya, nimeisoma hiyo sheria mpya, nimewaeleza wengine, halafu nikakwambia wewe utume kwangu. Na wewe ukatuma. Na Spika akasaini barua ya kuambatanisha. Na watu wa ofisi nne, wasomi watupu, wakaipokea, wakaiandikia na kuipitisha, na hakuna aliyesema, "Jamani, hii si ya kuja huku." Haikuhitaji kuja. Ilihitaji saini ya Mkuu wa Jimbo wenu, ambaye ofisi yake inatazamana na jumba lenu la sinema.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Baba Mdogo nikidhani itamuua. Akajiinua kwenye mto. Kisha akasema, "Hebu nielewe. Wamepewa kipenga, wakakipeleka jukwaani kuomba ruhusa ya kukipuliza?" Nikasema ndiyo. "Na aliyekipeleka ni mke wangu? Kwa rejista?" Nikasema na lakiri juu yake. Alicheka, Mama Mdogo! Alicheka mpaka machozi, akashika ubavu, akasema anaumia, akaendelea kucheka. Jirani wa juu akagonga sakafu. Halafu akaomba uji.

Kesho yake nilimkuta ameshavaa viatu, yuko mlangoni, ananiambia tunachelewa hospitali. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anataka kuishi kidogo, akakucheke ana kwa ana.

Sheria yenu naituma na basi la kesho, ndani ya bahasha hii hii. Ipokee. Ni yenu.

Mwanao

3 Oktoba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilikwenda kwenye kile chumba cha juu walichokuwa wakiwekea mitambo ya sinema, nikafunga mlango, nikalia kwa ajili ya miguu ya mume wangu. Nililia vizuri. Halafu nikafika pale pa "kwa rejista", nikaanza kucheka na kamasi bado zinatoka. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi! Mimi niliyekuwa nawatukana wakubwa zako kila asubuhi nikipiga mswaki!

Kunificha tutakuja kuzungumza. Sijakusamehe bado, lakini umembeba mgongoni, kwa hiyo nitakusamehe.

Sikiliza ilivyokuwa. Nilikwenda kwa Mama Kengele nikiwa tayari kuachishwa kazi. Nikamweleza. Akasema, "Barua ya kuambatanisha alisaini nani?" Nikasema wewe. "Basi tusipigiane kengele," akasema, akachukua mkoba wake, tukavuka barabara pamoja.

Mkuu wa Jimbo alikuwa anakula karanga. Akatuuliza kwa hamu, "Wizara wamesema nini?" Mama Kengele akajibu, "Wamesema ni yetu." Akaacha kutafuna. Akaichukua sheria, akaigeuza, akasema, "Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nasubiriwa mimi?" Akaomba kalamu. Ikaonekana kumbe pale chini nilikuwa nimepiga chapa, kwa mazoea tu ya vidole hivi, "Kwa idhini ya Waziri". Akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja, akaandika jina lake pembeni, akasaini. Kisha akatuangalia kama mtoto aliyevunja sahani. Akauliza, "Sasa hapo ndiyo imekuwa sheria?" Mama Kengele akasema, "Ndiyo imekuwa." Akasema, "Ala!" Akatukaribisha karanga.

Siku ileile daktari mkuu aliwaondoa wauguzi na sahani zao juu ya sanduku. Nilikuwepo. Misumari ilikuwa imeota kutu, ikalia wakati wa kung'olewa. Mashine imo mle nyeupe, imefungwa nailoni, haina hata mkwaruzo. Yule muuguzi aliyekuwa akiandika kadi aliingiza mkono akaishika kwanza, akajifuta macho, akaanza kutupa amri sote, daktari mkuu akiwa wa kwanza.

Haitafanya kazi kesho, usimwambie Baba yako Mdogo afungashe. Inataka maji yaliyochujwa, fundi wake lazima aje aifunge na aijaribu. Lakini watu wa maji nao sasa ni wa jimbo. Walikuja, wakapima, wakaanza kulaza bomba. Nikamuuliza mkubwa wao kama ameandika popote kuomba ruhusa. Akanitazama, akasema, "Mama, ruhusa ya nani?" Nikaona aibu, nikawaletea chai.

Mwambie mume wangu aje anicheke. Nitakaa kwenye kiti nimsubiri.

Mama yako mdogo

14 Novemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Daktari wa huku amezungumza na wenu kwenye simu. Maji yamepimwa, mashine imejaribiwa, mgonjwa wa kwanza amesafishwa na amekwenda nyumbani akilalamikia foleni, kwa hiyo ni hospitali kweli. Baba Mdogo atasafishwa hapa Alhamisi, Ijumaa tunapanda basi pamoja. Nitamfikisha mlangoni, nilale siku moja, nirudi.

Hajakosa hata siku moja tangu ile siku ya kucheka. Miguu imenywea. Jirani wa juu amegonga sakafu juzi na jana.

Idara yetu imefungwa rasmi. Mimi nimehamishiwa Takwimu, chumba cha chini, hakina dirisha ila kina feni nzuri. Nilitegemea kusikitika zaidi. Siku ya mwisho tulikula keki tukiwa tumesimama, na mkurugenzi akaja kutuaga, akanipa lile ua lake. Nimelileta nyumbani, Baba Mdogo akalimwagia maji yake ya kunywa aliyopimiwa, akasema walau mmoja wetu anywe.

Nataka kukwambia nimefurahi, na nimefurahi kweli. Lakini nyumba itakuwa kimya, na mimi sikujua kwamba naweza kuuogopa ukimya. Nimezoea kuoneshwa kadi ya njano nikichelewa kurudi.

Mwanao

Mke wangu, huyu ni mimi. Sijawahi kukuandikia barua tangu nikuoe, sikuona haja, ulikuwa chumba cha pili. Huyu mtoto wetu alizificha barua zako chini ya godoro. Godoro lenyewe nalalia mimi. Zilikuwa zinanichoma mbavu tangu Juni, nikazisoma zote, nikajifanya mjinga. Kilo ni kumi na moja, na nne zimerudi. Panga vikombe vizuri kabatini. Nakuja.

2 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na ua halijafa. Sisi wazima, na safari hii sisemi kwa mazoea. Mtoto amemwona babu yake, wakapigiana kelele mpaka mmoja akaomba maji, na hakuwa babu.

Umeona mwenyewe aliposhuka kwenye basi, lakini ulikuwa umeondoka yalipokuja mengine. Alikaa kwenye kiti chake, akanitazama, akasema taratibu, "Kwa hatua zenu." Basi. Kicheko kikamchukua. Kila akitulia ananitazama tena. Mpaka leo nikimpa sahani anaipokea kwa mikono miwili anasema, "Naomba kuwasilisha." Nimemwacha. Anicheke mpaka nife mimi kwanza.

Jumatatu tulikwenda hospitali kwa miguu. Polepole, tumesimama mara kadhaa, lakini kwa miguu yetu. Sanduku la mbao lipo bado, limegeuzwa benchi la wanaosubiri. Yule muuguzi alimchoma mara moja tu akapata mshipa. Baba yako Mdogo alikuwa ameshatoa kadi ya njano mfukoni, akairudisha. Nilikaa pembeni yake muda wote nikisikiliza mashine inavyonong'ona, nikawaza kwamba ilikuwa tayari kufanya hivi siku zote, chini ya kitambaa cha maua.

Nikuchekeshe. Jana kioo cha dirisha la ofisi yangu kimepasuka. Nikakaa, nikaweka karatasi, nikapiga chapa: "Naomba kuwasilisha ombi la kioo kimoja." Nikafika kwenye anwani vidole vikasimama. Nimwandikie nani? Nikachana karatasi, nikamwita fundi. Ameshaweka. Nyani haoni kundule, lakini mimi sasa nageuka nyuma walau mara moja kwa siku.

Krismasi, likizo, siku yoyote ukichoka na feni, njoo. Chumba chako kipo na kina dirisha. Usiombe ruhusa.

Na mimi nina langu nililokuficha, maana hukuwa peke yako. Tangu aondoke sikulala kitandani hata siku moja. Nililala kwenye kochi, nimevaa nguo za kutokea, ili simu ikilia niwe tayari. Usiku aliorudi ndipo nikalala kitandani. Alianza kukoroma kabla sijazima taa, vikombe vikaanza kugongana kabatini kimoja baada ya kingine. Nikasikiliza kidogo. Halafu nikamsukuma, nikamwambia geuka huko, unanipigia kelele, nikalala.

Mama yako mdogo